Pikapu ya Cucu na Vidole vya Ganzi

Kama umeketi kwenye benchi ya kliniki na mikono umeificha mifukoni, na si kwa sababu ya baridi ya Nyeri, basi haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi pia niliificha yangu. Niliificha karibu miezi mitatu, nikimdanganya daktari, nikimdanganya sista, na baya zaidi nikimdanganya mke wangu, ambaye kazi yake ni kushika mikono ya watu kutwa nzima.

Nijieleze kidogo. Ninauza spea za magari mjini Nyeri na ninaishi Skuta. Mchana nauza bushi na breki za magari makubwa, jioni kabla ya chakula naunda magari madogo. Si vitu vya watoto kuchezea, ingawa nimechoka kulieleza hilo. Ni magari kamili yaliyopunguzwa mara ishirini na nne, yanakaa kwenye kiganja, yana usukani na viti, na namba yake unaweza kuisoma ukivaa miwani. Mengine huja kwenye boksi, vipande vya plastiki vya kuunganisha. Lakini hakuna kiwanda kinachotoa boksi la pikapu ya maziwa au gari lenye keria iliyojaa kabichi za Kieni, kwa hiyo magari yetu ya huku nayakata mwenyewe kutoka kwa vikombe vya maziwa mala, nyaya za simu zilizokufa na mabati ya mikebe. Rangi nachukua kwa mke wangu, Mama Ciku. Ana kibanda cha kutengeneza kucha pale mjini, na nakuapia hakuna rangi inayokaa vizuri kwenye boneti ndogo kuliko rangi ya kucha.

Mimi ni mtu wa kuchagua. Kioo cha pembeni kikiinama hata upana wa unywele, nakibandua na kuanza upya. Binti yetu Ciku, ambaye yuko chuoni, husema siku moja nitalirudisha jua kiwandani kwa kuchomoza upande.

Damu niliiona mwezi wa pili, chooni. Nikajiambia ni bawasiri, matunda ya kukaa kwenye stuli ya duka miaka yote hii. Mama Ciku alinisikiliza wiki mbili, kisha siku moja ya kazi akafunga kibanda chake, akanishika mkono kama mtoto wa nasari na kunipeleka hospitali. Mwezi wa nne nikapasuliwa, wakatoa kipande cha utumbo chenye saratani. Niliporudi kuonwa, daktari akasema ugonjwa ulikuwa umeanza kutoroka kidogo, kwa hiyo nitawekewa dripu kumi na mbili, moja kila baada ya wiki mbili. Nilihesabu kwenye kalenda ya duka. Ningeanza mvua ndefu zikiwa bado zinanyesha na kumaliza mvua fupi zikiwa zimeingia. Tangu siku hiyo miezi ilipoteza majina yake kwangu. Nilijua tu ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Hakuna aliyenionya juu ya kungoja. Ugonjwa wenyewe ni kungoja, dawa ni saa chache tu. Unafika saa moja asubuhi na thamosi yako ya uji, unakaa mwisho wa benchi, na benchi nzima inasogea makalio kwa makalio kuelekea mlangoni. Kuna runinga ukutani isiyo na sauti. Kuna mtu wa kukohoa, mtu wa kusali kwa kunong'ona, na mtu anayejua habari za kila mgonjwa aliyewahi kupita hapo. Huyo wa mwisho jihadhari naye. Nitamrudia.

Kwenye chumba cha dripu kiti changu kilikuwa karibu na cha Cucu Nyambura, yaani Nyanya Nyambura, mama wa zaidi ya miaka sabini kutoka Tetu, kilemba kichwani na blanketi magotini. Siku ya dripu ya pili nilikuwa nimebeba gari moja mfukoni, la kunipa moyo tu. Akaliona.

"Hiyo toy ni ya mtoto wako?"

"Ni yangu, Cucu."

"Yako? Mzee mzima?" Akalichukua kwa mkono usio na sindano, akalipindua na kulikagua chini kama mtu anayenunua mbuzi. "Ni safi sana. Hii haijawahi beba kitu."

Nilicheka lakini niliumia. Usafi ndio uliokuwa fahari yangu. Kisha akanisimulia kwamba mume wake alipofariki alibaki na pikapu ya buluu na ng'ombe watano, na badala ya kuiuza alijifunza kuiendesha. Alibeba maziwa yake na ya majirani hadi kwenye kituo cha maziwa kila asubuhi, miaka mingi, kwenye barabara ambayo mvua ikinyesha wanaume walikuwa wanaogopa. Ilikufa ikauzwa vyuma.

"Niundie hiyo yangu," akasema. "Lakini na matope. Usiniletee gari ya harusi."

Nikamwahidi. Sikuwa nimewahi kuweka matope kwenye gari maishani.

Baada ya dripu ya tatu nilishika komeo la geti asubuhi nikaruka. Ilikuwa kama nimegusa waya wa stima. Baridi yote ilikuwa hivyo: kijiko, bomba, chupa ya maji. Maji ya kunywa nilipashiwa moto, maana ya baridi yalinikaba koo. Na huu ndio ulikuwa mwezi wa sita, halafu wa saba, wakati ukungu wa Nyeri unalala barabarani hadi saa nne na mlima hauonekani wiki nzima. Sista alikuwa ametuambia baridi itauma, kwa hiyo hilo nililitaja. Mama Ciku akanitafutia glavu za sufu. Msimu huo kila mtu mjini ana kofia na glavu, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza kitu.

Ambalo sikulitaja ni lililokuja nyuma ya baridi. Nikivua glavu, nilihisi bado nimezivaa. Ncha za vidole zilikuwa zimekwenda. Vifungo vya shati vikawa kazi ya robo saa. Dukani niliangusha nati mbele ya wateja, nikasingizia mafuta. Na mezani kwangu, kioo cha pembeni cha pikapu ya Cucu, kitu cha ukubwa wa punje ya mchele, nilikishika nikadhani nimekishika, kumbe kilikuwa kimeanguka zamani na mimi nabana hewa. Viganja vilikuwa vimekuwa vyeusi kama vya mtu aliyemenya ndizi mbichi siku nzima, na kucha zikafuata. Mama Ciku aliona hizo kucha. Mtu wa kazi yake angekosaje? Jioni moja alikuja na mafuta ya vuguvugu, akasema, "Lete mikono nikukande." Nikamwambia inauma, niache. Akajaribu mara mbili nyingine, halafu akaacha kujaribu, na chupa ya mafuta ikarudi kibandani.

Kwa nini nilificha? Kwa sababu ya yule mjuzi wa benchi. Alikuwa akimwambia mwenzake, "Ukiwaambia mkono imekufa ganzi, wanakukatia ile dawa. Jirani yangu walimkatia." Mlango ukafunguka, akaitwa, na hakumaliza habari ya jirani. Niliimalizia mwenyewe, na katika habari yangu jirani alizikwa. Kwa hiyo kila sista alipokuja na karatasi yake na kuuliza, "Vidole? Ganzi? Unashika vitu vizuri?" nilijibu niko sawa. Aliangalia glavu zangu, akaniangalia usoni, akaandika. Nilijiona shujaa, mtu aliyetoa mikono yake ili abaki na uhai. Leo naona kwamba sikutoa kitu. Nilitaka vyote viwili, na nilidhani nikinyamaza dawa haitagundua.

Jumamosi baada ya dripu ya nane nilikuwa mezani alasiri, nakata mlango wa nyuma wa pikapu kutoka kwa kifuniko cha plastiki. Niliona wekundu kwenye ukingo wake. Nilidhani chupa ya rangi imemwagika, nikaanza kuitafuta. Nilitafuta chupa ya rangi nyekundu hadi chini ya meza, jamani, na damu inanifuata. Wembe ulikuwa umeingia ubavuni mwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, kwa kina, nami sikuwa na habari.

Sasa sisi watu wa magari madogo tuna ujinga mmoja ambao hatuuoni kuwa ujinga. Ukijikata, unadondosha tone la supaglu kwenye mkato, unabana, unahesabu hadi thelathini na kuendelea na kazi. Nimefunga mikato mingi namna hiyo. Kwa kawaida inawasha hadi machozi yanatoka. Siku hiyo haikuwasha hata kidogo, na unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nilifuta plastiki, nikavaa glavu, nikaenda kula.

"Ugali na kijiko?" Mama Ciku akauliza.

"Ni hii baridi."

Jumatano nilianza kutetemeka dukani, katikati ya mabomba ya ekzosi. Mwenzangu wa kaunta alinigusa shingo, akampigia Mama Ciku hata kabla sijamkataza. Hospitalini ni Mama Ciku aliyenivua glavu, maana mimi nilikuwa nashindwa. Kidole kilikuwa kimevimba kama ndizi mbivu, na juu ya mkato kulikuwa na kitu kigumu kinachong'aa. Daktari alikigusa kwa kalamu.

"Hii ni nini?"

"Supaglu."

"Ile ya kubandika viatu?"

"Ya magari," nikasema, kana kwamba hiyo ni afadhali.

Usaha ulikuwa umefungiwa chini ya gundi siku nne, na damu yangu, iliyokuwa imechoshwa na dripu, haikuwa na askari wa kuupiga. Ulikuwa umeshaanza kutembea mwilini. Daktari aliuliza kama sikusikia uchungu. Nikasema sikusikia. Akauliza ganzi imekuwepo tangu lini. Nilimtazama mke wangu, nikatamani atoke nje kidogo tu, lakini alikuwa amesimama pale pale ameshika glavu yangu.

"Tangu ya tatu," nikasema.

Mama Ciku alikaa kwenye kiti.

Walinilaza siku nane. Siku mbili za kwanza sizikumbuki vizuri, na waliokuwa na akili zao wananiambia ni heri hivyo. Mama Ciku alikuja kila siku na supu. Aliniosha, akanibadilisha shati, akafunga kila kifungo, na hakusema neno. Niliogopa ugonjwa, ndiyo, lakini kimya kile niliogopa zaidi. Siku ya tano akaweka bakuli chini.

"Mimi nashika mikono ya wanawake wa hii town yote," akasema. "Mtu akiniwekea mkono, najua kama hajalala. Najua kama amelia, kama ako na presha. Watu sijui hata majina. Na yako, Baba Ciku, yako ndio ulininyima."

"Niliogopa wangekata dawa nife."

"Kwa hivyo ukaamua kufa na supaglu."

Alicheka kwanza yeye. Nilicheka na mimi, tumbo lenye mshono likaniuma, kisha nikalia kama sijawahi kulia tangu mama yangu azikwe. Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe. Alichukua mkono wa kulia, ule usio na bandeji, akaanza kuukagua kidole kwa kidole, akiuliza, "Hapa? Na hapa?" kwa sauti anayoitumia na wateja.

Daktari aliamua kuitoa dawa iliyokuwa ikila mishipa ya fahamu na kuacha zile nyingine ziendelee. Alisema hufanya hivyo mara nyingi, na angefanya hivyo mapema kama ningefungua mdomo. Kwako mambo yanaweza kuwa tofauti, sijui, mimi ni muuza spea. Kazi yangu na yako ni kusema, kuamua tumwachie daktari. Nilimuuliza kama vidole vitarudi. Akasema huenda, huenda visirudi vyote, tungojee. Nikaweka kungoja huko juu ya kungoja kwingine.

Kwa dripu nne zilizobaki Mama Ciku akawa vidole vyangu. Jioni alivuta kiti mezani, nami nikamwonyesha kwa kijiti cha meno pa kuweka gundi. Mkono ule uliozoea kupaka maua madogo kwenye kucha ulibandika taa, wipa na usukani huku mdomo wake ukisimulia umbea wa kibandani. Kioo kimoja cha pembeni alikiweka kikainama, na si upana wa unywele, wa mche wa chai mzima. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Kimeinama hadi leo.

Matope yalitoka Tetu kwenyewe. Cucu aliniletea kwenye chumba cha dripu udongo mwekundu ndani ya mkebe wa siagi, akaniambia ni wa kona ile iliyokuwa ikimkwamisha. Tuliuchekecha kwa soksi ya zamani ya Mama Ciku, tukauchanganya na rangi ya kucha isiyo na rangi, tukaupaka kwenye magurudumu na chini ya milango. Tabaka la kwanza la matope lilinitia kichefuchefu kuliko dawa ya dripu. Kufikia la tatu nilikuwa nadai mengine zaidi. Nilimpelekea gari lake siku ya dripu ya kumi na mbili, mvua fupi inapiga madirisha. Alilipindua juu chini, akapitisha kidole kwenye tope lililokauka.

"Haiya. Hii sasa imefanya kazi," akasema, akalifunika kwa blanketi kwenye mapaja na kuegemea kiti. Baadaye niliona analia taratibu, lakini alikuwa anatabasamu, kwa hiyo nikatazama runinga.

Kabla ya Krismasi skani yangu ilitoka safi. Ya Cucu pia haikuwa na neno baya. Namshukuru Mungu, na nawashukuru watu aliowatumia: sista aliyekuwa akinizungushia taulo la moto mkononi kabla ya sindano, mwenzangu wa kaunta aliyebeba duka miezi sita na hajawahi kunikumbusha, kijana nisiyemjua wa Chaka aliyenipa nafasi yake ya mbele ya benchi siku niliyokuwa natapika, akaenda kukaa mwisho. Wewe uliye kwenye hilo benchi, utakutana nao wako. Waruhusu.

Mwezi wa kwanza, jua likiwa limerudi, Mama Ciku alianzisha kitu chake. Kila Jumapili tukitoka kanisani ananiketisha barazani, nafumba macho, naweka mikono mezani, naye anagusa kidole kimoja kwa brashi yake ndogo. Mimi natakiwa kusema ni kipi. Jumapili ya kwanza niliona aibu ya kushindwa.

"Nimegusa gani?"

"Cha kati," nikasema kwa uhakika wote.

"Sijagusa."

Nilifumbua macho. Brashi ilikuwa bado ndani ya chupa. Hakukasirika. Alinitazama tu, nikaelewa kwamba hapa hatukuwa tukipima vidole peke yake.

Tangu hapo nilijibu, "Sijui." Jumapili baada ya Jumapili, sijui, sijui, na kila mara yeye anasema, "Asante," kana kwamba nimempa kitu. Vidole gumba vilirudi mwezi wa tatu, vikiwashwa kama vimelalia upupu, na mkono wa kulia ukafuata polepole. Wa kushoto ulikaa kimya.

Jumapili iliyopita nilifumba macho kama kawaida. Alikaa muda mrefu bila kuuliza chochote. Nilisikia ng'ombe wa jirani, nikasikia kengele ya baiskeli. Halafu kitu chenye ubaridi kidogo kikapita, chembamba, kikitambaa kutoka chini kwenda juu.

"Hapo," nikasema. "Cha shahada. Cha kushoto. Mama Ciku, hapo!"

Nikafumbua macho. Alikuwa ameshika brashi na machozi yanamdondoka kidevuni. Kucha zangu tatu zilikuwa nyekundu kama gari la zima moto: za kidole cha mwisho, cha pete na cha shahada. Viwili vya kwanza alikuwa amevipaka pole pole, hadi mwisho, nami sikuwa na habari. Kile cha tatu nilikisikia.

Alitaka kuzifuta. Nikakataa. Jumatatu nilifungua duka na kucha zangu tatu nyekundu juu ya kaunta, na kila mteja aliyeuliza nilimweleza yote, tangu mwanzo.